Uchunguzi wa Mashabiki: Ngoma za Usukuma na Vibonzo vya Kijapani

Miongoni mwa vijana wa miji ya Afrika Mashariki wako wanaofuata kwa bidii filamu za vibonzo zitokazo Japani, ambazo wenyewe huziita anime. Wazee wengine huwadhania kuwa wamepotelea katika mambo ya kigeni. Jambo hili lastahili kuchunguzwa kabla ya kuhukumiwa. Mtafiti atakayelichunguza Nyegezi, kando ya Ziwa Viktoria, penye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichoanzishwa mwaka 1998, hana budi kuamua kwanza atauliza nini. Makusudi ya makala hii ni kuonyesha ya kwamba swali "Kwa nini unapenda?" halitoshi, na ya kwamba mfano wa swali bora umo katika nchi hiyo hiyo ya Wasukuma.

Tuanze na maneno. Kiswahili hutofautisha mpenzi, mfuasi na shabiki. Mpenzi wa ngoma aweza kuipenda akiwa peke yake nyumbani. Mfuasi huwa na kiongozi au imani anayoifuata. Lakini shabiki ana upande, na penye upande pana wapinzani. Kitenzi kushabikia chataja mwenendo unaoonekana mbele ya watu, ambapo kupenda ni jambo la moyoni. Basi anayeulizwa kwa nini anapenda atajibu, "Kwa sababu ni nzuri," na mtafiti atarudi na daftari lililojaa sifa za filamu, pasipo habari za watu.

Katika Usukuma jambo hili ladhihirika. Vyama vikuu vya ngoma ni viwili, Bagika na Bagalu. Yasimuliwa ya kwamba asili yao ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa. Hata leo, baada ya mavuno, vikundi vya pande hizo mbili hushindana katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Ndiyo maana manju hutafuta wimbo mpya, mavazi ya ajabu, na dawa ya kuvuta watu. Mashindano ya namna hiyo huonekana katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, karibu na Kisesa, mashariki ya mji wa Mwanza, mahali palipoanzishwa na padre David Clement katika miaka ya 1950.

Katika desturi hii mtazamaji ndiye hakimu, na miguu yake ndiyo kura yake. Akihama upande mmoja kwenda wa pili, matokeo hubadilika. Kwa hiyo sababu za ushabiki haziwezi kutafutwa katika uzuri wa ngoma peke yake. Zatafutwa pia katika ujamaa, ujirani, utani, na furaha ya kuwa miongoni mwa walioshinda.

Pengine itasemwa ya kwamba ngoma ni za wenyeji na vibonzo ni vya wageni. Jibu limo katika historia ya beni, iliyoanza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 kwa kufuata bendi za kijeshi za Wazungu. Waliotazama kwa juu juu waliiona kuwa ni kuiga tu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alionyesha ya kwamba ndani ya sare na vyeo vya kigeni mliendelea mashindano ya zamani ya mitaa ya pwani. Umbo lilitoka ng'ambo, shughuli ilikuwa ya wenyeji.

Huko Japani kwenyewe neno latoa fundisho. Shabiki wa vibonzo huitwa otaku. Maana yake ya asili ni "nyumba yako", na hutumika kwa adabu badala ya "wewe". Mashabiki walikuwa wakiitana hivyo, na mwaka 1983 mwandishi Akio Nakamori akalifanya kuwa jina lao, kwa dhihaka. Yaani neno lililotaja namna ya kusemezana likageuka kuwa jina la kundi. Mwaka 2001 Hiroki Azuma alieleza ya kwamba mashabiki hao hawavutwi sana na hadithi nzima, bali na vipande vya wahusika wanavyovikusanya na kuvipanga upya. Maelezo hayo ni ya Japani. Kama yafaa kwa Nyegezi, ni uchunguzi utakaosema.

Kwa hiyo mtafiti na aulize habari za matendo. Ni nani aliyekuonyesha filamu ya kwanza, nawe umemwonyesha nani? Mnaitanaje? Mnabishana na nani, na kwa jambo gani? Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, pamoja na maneno ya Kijapani, Kiingereza na Kisukuma yaliyochanganywa humo, kwa kuwa mchanganyiko huo nao ni ushahidi. Akiyasafisha maneno hayo yawe Kiswahili sanifu, atakuwa amefuta alama ambazo kwazo wao kwa wao hutambuana.