Vumbi la Meru linavyomaliza tairodi

Mvua za masika zikishika na watalii wakipungua, gereji za Arusha hujaa Land Cruiser zilizoshinda miezi njiani kati ya mjini, Ngorongoro na Serengeti. Fundi mzoefu akipokea gari la namna hiyo hana haraka na boneti. Anatandika boksi, analala chini ya gari, anashika tairodi na kuitikisa.

Tairodi ni fimbo ya chuma inayofikisha amri ya usukani kwenye magurudumu ya mbele. Kwenye Noah, IST na magari mengi madogo yanayopita Sakina na Njiro, usukani husukuma raki, na kila ncha ya raki ina fimbo yake. Land Cruiser za safari, zile hardtop, zina mpango wa zamani zaidi: ekseli nzima mbele, boksi la usukani, na fimbo ndefu inayounganisha magurudumu mawili ili yageuke pamoja.

Kwenye ncha ya fimbo kuna kipira cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe, kama nyonga ya mtu. Kikombe kina grisi, na juu yake umevikwa mpira laini unaozuia grisi isitoke na uchafu usiingie. Mara nyingi balaa huanzia kwenye mpira huo, si kwenye chuma.

Na kwa mpira huo, Arusha ni mahali pagumu. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ni volkano iliyotoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na udongo wa miteremko yake ni majivu ya kale. Panda kwenda Ngarenanyuki wakati wa kiangazi uone yanavyotimka. Kwenye Bonde la Ufa kuna majivu mengine, ya volkano ya Oldoinyo Lengai, ambayo upepo umeyatandaza hadi nyanda za Serengeti. Vumbi hili ni jepesi, hupenya popote, na punje zake ni ngumu. Mpira ukichanika, linaingia na kuchanganyika na grisi, na kila kona unayokata kipira kinasagika. Masika nayo huleta maji na kutu.

Kiungo kikishaanza kulegea, usukani unacheza kabla gari halijatii. Gari linatangatanga kwenye lami iliyonyooka, linagonga likipita tuta, na tairi la mbele linalika upande mmoja. Hapo kwenye tairi ndipo fedha za watu zinapopotea. Mwenye gari akiona tairi limelika anakimbilia alaimenti, analipa, gari linanyooka kwa muda, kisha anarudi kulipa tena. Mashine hupima gari likiwa limesimama. Kiungo kilicholegea hutulia mbele ya mashine, kikifika barabarani kinakwenda kinakotaka. Gereji inayojiheshimu hukagua viungo kwanza, na ikikuta tairodi inacheza haigusi alaimenti. Inayochukua fedha bila hata kuinua gari, mimi ningeihama.

Kukagua hakuhitaji mashine. Egesha gari mahali tambarare, weka vizuizi nyuma, inua mbele kwa jeki, halafu tia stendi. Jeki peke yake haifai kuaminiwa. Shika tairi saa tatu na saa tisa (kwa saa yetu au ya Kizungu, mahali ni palepale), ulisukume kushoto na kulia, na mwenzako achungulie tairodi. Kwenye magari ya raki msiisahau rakiendi, kiungo cha ndani kilichojificha kwenye mpira wa mikunjo. Tairi likicheza juu na chini, tuhuma inahamia kwa boljointi au beringi.

Tairodi iliyokwisha hubadilishwa. Wapo wanaoibana kwenye jiliwa au kuichomelea ili ikaze, na wateja wanafurahia bei. Lakini moto hubadilisha ugumu wa chuma, na kipira kikichomoka gurudumu linaelekea linakotaka huku usukani umeushika mkononi. Mtu asijaribu hilo akiteremka kutoka Ngorongoro na abiria sita. Tairodi zenye tundu la grisi zipigwe grisi kila sevisi. Zilizofungwa kabisa hazina cha kuongezwa, linda mpira tu.

Fundi makini, kabla ya kufungua ya zamani, huhesabu mizunguko ya nyuzi ili mpya ikae karibu na palepale, kisha gari linakwenda alaimenti, safari hii kwa faida. Mwambie akuonyeshe pini. Nati ya tairodi nyingi ina meno, na pini hupita kati yake isije ikafunguka kwa mtikisiko. Tundu lisipolingana na meno, nati huongezwa kukazwa kidogo, hairudishwi nyuma. Na pini iwe mpya, si kipande cha waya kilichookotwa sakafuni.