Nyonga bandia: rahisi huvunja upishi

MFANYABIASHARA wa ndoo na madumu pale Tegeta Kibaoni anaijua vizuri polithini. Mifuko yake, maarufu kama rambo, ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019. Lakini ndugu wa plastiki hiyo hiyo ndiye anayebeba uzito wa mtu aliyewekewa nyonga au goti bandia.

Tofauti ni daraja la mali. Polithini ya kiungo ina minyororo mirefu mno ya molekuli, ndiyo maana haisagiki upesi. Daktari John Charnley wa Wrightington, Uingereza, alianza na tefloni mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilisagika kwa muda mfupi na wagonjwa wengi wakarudi kupasuliwa. Mwaka 1962 akahamia kwenye polithini, na nyonga yake ikawa mfano kwa dunia.

Hata hivyo, kila hatua husaga vumbi lisiloonekana kwa macho. Mwili hupambana na vumbi hilo, mfupa hulika na kiungo hulegea. Iligundulika pia kwamba mali iliyotakaswa kwa mionzi ya gama ikiwa ndani ya hewa iliendelea kuchakaa hata ikiwa stoo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaingia sokoni polithini ambayo minyororo yake imefungamanishwa kwa mionzi, kisha ikapashwa joto ili isiharibiwe na oksijeni. Usagikaji wa nyonga ukapungua sana. Kuanzia mwaka 2007 vitamini E nayo ikatumika kuikinga. Hasara yake ni kwamba mionzi ikizidi, plastiki hupata nyufa kwa urahisi, jambo la kuangaliwa hasa kwenye goti.

Hapa nchini, upasuaji huu hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Vifaa tiba husimamiwa na TMDA. Anayefikiria kuviagiza ajue kwamba mtaji hulala: wagonjwa hawalingani saizi, hivyo lazima aweke saizi nyingi, na kila pakiti ina tarehe yake ya mwisho.

Kwa anayemlipia mzazi wake, tunashauri aulize mambo matatu: aina ya plastiki, namna ilivyotakaswa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mali iliyolala ikiuzwa kwa bei ya kutupa si nafuu, maana upasuaji wa pili ni mgumu na ghali kuliko wa kwanza.