Anza na mate, matunda baadaye

Mpe mtu glasi ya mvinyo mweupe bila kumwambia ulikotoka, mwambie ataje zabibu iliyoutoa. Karibu wote huanzia mahali pamoja: pua ndani ya glasi, macho yamefumbwa, kisha orodha ya matunda. Limau. Tufaha. Nanasi kwa mbali. Orodha hiyo mara nyingi ni ya kweli na haimfikishi popote, kwa sababu limau na tufaha zimo karibu katika kila mvinyo mweupe usio na sukari. Ushahidi unaowagusa watuhumiwa wote haumfungi yeyote.

Watahiniwa wa ngazi ya juu kabisa ya Court of Master Sommeliers, chama kinachowatahini wahudumu wa mvinyo, huwekewa glasi 6 na kupewa dakika 25. Kila glasi wanapaswa kuieleza kwa sauti, kisha wataje zabibu, nchi, eneo na umri wa mvinyo. Anayefaulu hapo hafanyi ramli. Anaondoa majina mpaka yabaki mawili au matatu, ndipo anachagua. Mafunzo mengi hufuata mpangilio wa macho, pua, kinywa. Mimi anayeanza humshauri aupindue: kinywa kwanza, pua ifuate, na macho yasiaminiwe sana.

Macho hudanganya, na yanapodanganya huiburuta pua nayo. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, uliofanywa kwa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo mjini Bordeaux. Walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu, nao ulikuwa uleule mweupe waliokwisha kuunusa. Kwa hiyo kwenye rangi chukua machache. Rangi hafifu yenye kijani kwa mbali huashiria ujana. Ya dhahabu yaweza kutokana na umri, pipa au zabibu zilizoiva mno. Wekundu kidogo wa shaba hutokana na zabibu zenye ganda la waridi, kama Gewürztraminer na Pinot Gris. Basi, tuendelee.

Piga funda moja, lizungushe kinywani, liteme. (Wanaoonja kwa kazi hutema, na hakuna anayewahesabu kuwa wamekosa adabu.) Kisha funga mdomo, inamisha kichwa kidogo, usubiri. Mate yakijaa chini ya ulimi pande zote mbili na yasikome upesi, asidi ni nyingi: fikiria Riesling, Chenin Blanc, Sauvignon Blanc, au Chardonnay ya Chablis. Mate yakija kidogo na kukatika, fikiria Gewürztraminer au Viognier, au zabibu yoyote iliyoivia kwenye joto kali. Sababu iko shambani. Zabibu inapoiva huitumia asidi yake ya maliki kama nishati, na kadiri joto linavyozidi ndivyo inavyoitumia haraka. Mizabibu ya nchi ya baridi huvunwa ikiwa bado imeshika uchachu wake.

Sukari nayo ina mtego. Mvinyo unaonukia maembe na asali huhisiwa mtamu hata kama hauna sukari, kwa sababu akili imezoea kuona vitu hivyo pamoja. Dawa yake ni rahisi: bana pua kwa vidole, onja tena. Utamu ukibaki ulimini, hiyo ni sukari. Ukipotea, ilikuwa harufu tu. Zoezi hili halina gharama, lakini nimeona watu wenye uzoefu wakiona haya kulifanya mbele za watu, halafu wanaita mtamu mvinyo mkavu kabisa.

Baada ya sukari, kileo. Meza kidogo safari hii na usikilize koo. Riesling tamu nyepesi ya bonde la Mosel, Ujerumani, yaweza kuwa na kileo cha asilimia 8 tu, na koo halisikii kitu. Gewürztraminer ya Alsace, Ufaransa, hufika 13 au 14 na huacha joto linaloshuka taratibu. Asidi nyingi, sukari kiasi na kileo kidogo vikikutana katika glasi moja, majina yanayobaki mezani ni machache mno, na Riesling ndilo la kwanza.

Sasa pua ina kazi, ila si ya kutafuta matunda. Tafuta harufu chache ambazo kemia yake inajulikana na ambazo zabibu nyingi hazina.

Ya kwanza ni mafuta ya taa. Ndiyo, yaleyale ya kibatari. Harufu hii hutokana na kiini kiitwacho kwa kifupi TDN, kinachozaliwa pale rangi za karoteni zilizomo kwenye zabibu zinapovunjika. Hukolea mvinyo ukizeeka chupani na vichala vikipigwa sana na jua. Mteja anayekutana nayo mara ya kwanza hurudisha chupa akidhani imeharibika. Mwonjaji hufurahi, kwani amefika kwa Riesling bila kubahatisha.

Ya pili ni pilipili hoho mbichi, au majani yaliyokatwa asubuhi. Hapo zinafanya kazi pirazini, ambazo pua huzitambua hata zikiwa nanogramu chache kwa lita. Zabibu ni Sauvignon Blanc, na kama pamoja na hoho unapata karakara iliyoiva, usisite. Harufu ya karakara huletwa na viini vya salfa ambavyo hamira huvifungua wakati wa kuchachuka, na baadhi yake vimo kwenye karakara yenyewe. Vyote viwili vikipiga kelele kwa pamoja, elekea Marlborough, New Zealand. Vikizungumza kwa upole, na balungi likatangulia mbele, elekea Sancerre, Ufaransa.

Ya tatu ni waridi. Vitabu vya Ulaya huandika waridi na laichi, na kiini chake kimoja kimo kweli katika vyote viwili. Aliyekulia Unguja au Tanga ana shokishoki, ndugu wa laichi, na marashi ya waridi ya arusini, kwa hiyo Gewürztraminer haiwezi kumpita. Anayeweza kumchanganya ni Muscat, ambayo nayo hunukia maua. Muscat hata hivyo hunukia pia zabibu yenyewe kama ilivyo sokoni, jambo ambalo ni nadra kwenye mvinyo, na ina linaloli, kiini kilichomo pia kwenye mbegu za giligilani. Tena Muscat huwa nyepesi zaidi kinywani.

Ya nne, pilipili manga, ni alama ya Grüner Veltliner ya Austria. Kiini chake, rotundoni, ndicho hasa kinachoipa pilipili manga harufu yake. Karibu mtu mmoja kati ya watano hawezi kukinusa. Kama wenzako wote mezani wanaitaja pilipili na wewe huipati, huenda pua yako haikuumbiwa hiyo.

Chardonnay haina alama yake, na ndiyo inayowaangusha wengi. Kwa hiyo hapo humsaki mkulima tena, unamsaka mtengenezaji. Harufu ya siagi hutoka kwa bakteria wanaogeuza asidi kali ya maliki kuwa asidi laini ya laktiki, wakiacha nyuma diasetili, kiini kilekile cha siagi ya maziwa. Vanila na nazi hutoka kwenye pipa la mwaloni, na nazi huzidi mwaloni ukiwa wa Marekani. Mvinyo mzito, wa siagi na vanila, usio na alama yoyote kati ya zile nne, mara nyingi ni Chardonnay. Nchi gani ni mjadala mwingine. Mwaka 1976 jijini Paris, majaji Wafaransa walionja bila kuona lebo, wakaipa Chardonnay ya Chateau Montelena ya California alama za juu kuliko mivinyo maarufu ya Burgundy.

Tuijaribu njia hii kwenye glasi moja. Rangi ni ya manjano mepesi, haisemi mengi. Mate yanajaa na hayakomi. Pua imebanwa na utamu umepotea, kwa hiyo ni mkavu. Koo lina joto la wastani. Puani hakuna hoho, na Sauvignon inaondoka. Hakuna mafuta ya taa, na Riesling inalegea ingawa haijaondoka, kwa maana ikiwa changa huenda isiyaonyeshe. Hakuna siagi wala vanila. Kuna tufaha lililopondwa, asali kidogo, nta ya mshumaa, na sufu iliyolowa maji. Mbili za mwisho ndizo zinazoamua: Chenin Blanc.

Limebaki eneo. Chenin asili yake ni bonde la Loire, Ufaransa, lakini mashamba yake makubwa zaidi yako Afrika Kusini, ambako kwa muda mrefu iliitwa Steen. Ya Loire huwa na uchachu wa kukata na tufaha zaidi. Ya Afrika Kusini huwa na pichi na nanasi, nono zaidi kinywani. Dodoma nako imepandwa, na huko hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, ndiyo maana huvunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini joto linalouwezesha kuzaa hivyo ndilo linalokula asidi, na mkulima akichelewa kuvuna mvinyo hulegea. Glasi yetu, kwa mate yale na sufu ile, naipeleka Vouvray au Savennières, kulekule Loire. Kama pichi ingetangulia, ningesema Stellenbosch, Afrika Kusini. Na kama mate yangekatika kabla sijaweka glasi mezani, ningeitaja Dodoma, kisha niulize ilivunwa lini.