Hesabu ya Lechwe wa Upemba

Kusini-mashariki mwa Kamina, pale reli iendayo Lubumbashi inapoteremka kutoka nyanda za juu na kuukuta mto Lualaba mjini Bukama, ndipo linapofunguka bonde la Kamalondo, bonde la ufa lililo tambarare kiasi kwamba mto hupoteza mwendo, hutanda huku na huku na kuacha maziwa mengi ya kina kifupi, makubwa kati yake yakiwa Upemba na Kisale. Kwa watu wa mkoa wa Haut-Lomami, nchini Kongo, bonde hili ni ghala la samaki, na makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambayo wanaakiolojia walianza kuyachimbua mwaka 1957, yanaonyesha kwamba ukarimu wa maji hayo umelisha watu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Jambo linalofahamika kidogo zaidi, hata kwa wale wanaonunua samaki wakavu wa huko kila wiki, ni kwamba nyasi za ukingoni mwa maji hayo ndizo makao pekee duniani ya lechwe wa Upemba, mnyama wa jamii moja na kuro ambaye leo anahesabiwa kuwa miongoni mwa wanyama wakubwa walio adimu kupita wote barani Afrika.

Lechwe ni swala wa maji. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, jambo linalomwezesha kukimbia katika tope na maji ya magotini ambamo simba na mbwa mwitu hukwama, lakini kwato hizo hizo humfanya awe mzito kwenye ardhi kavu. Hangojei jua wala kivuli. Hufuata ukingo wa mafuriko, akisogea mbali maji yanapopanda wakati wa masika na kurudi yanaposhuka, kwa sababu nyasi changa anazozipenda huota katika mstari huo mwembamba unaohama. Kutokana na tabia hiyo anajulikana alipo kila majira, na mwindaji hahitaji ufuatiliaji mrefu ili kumpata.

Kisayansi mnyama huyu alichelewa kupewa jina lake. Kati ya mwaka 1946 na 1949 msafara wa Mbelgiji Gaston-François de Witte ulipita katika Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, ukikusanya mimea na wanyama wa kila namna, na ngozi na mafuvu ya lechwe yaliyopatikana yakapelekwa Brussels, ambako yalikaa kwa zaidi ya nusu karne yakidhaniwa kuwa ya lechwe wa kawaida wa kusini. Ni mwaka 2005 tu ambapo mtaalamu wa wanyama F. P. D. Cotterill, baada ya kupima vielelezo 35 vya makumbusho na kulinganisha pembe, mafuvu na rangi za ngozi na zile za lechwe wa Zambia, alitangaza kwamba hao wa Upemba ni spishi ya peke yake na kuiita Kobus anselli, kwa heshima ya Frank Ansell, mtaalamu wa wanyama wa Zambia. Wapo wanaoikubali hadhi hiyo na wapo wanaomwita nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi moja. Ugomvi huo unaonekana kama wa maneno, lakini, kama itakavyoonekana, una gharama zake.

Idadi yao imeporomoka kwa namna ya kutisha. Inakadiriwa kwamba katika miaka ya 1970 walikuwako takriban 22,000. Cotterill alipoandika, makadirio yalikuwa kama 1,000. Na hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 2023 juu ya bonde hilo iliona kumi tu, na waandishi wa utafiti wake, uliotolewa mwaka 2025 katika jarida la ikolojia ya Afrika ukiongozwa na Manuel Weber wa shirika la Forgotten Parks, walihitimisha kwamba waliobaki pengine hawafiki mia. Utafiti huo ulitoa pia picha ya kwanza kuchapishwa ya lechwe wa Upemba akiwa hai, jambo la ajabu kwa mnyama mwenye ukubwa wa mbuzi mara mbili au tatu. Sababu za anguko si fumbo: vita vya miongo kadhaa, silaha za kivita mikononi mwa makundi yenye njaa, mitego ya waya, kambi za wavuvi zinazokua hadi ukingoni mwa nyasi, na ulinzi dhaifu katika eneo ambalo Mei 2004 hata makao makuu ya hifadhi huko Lusinga yalishambuliwa.

Hapo ndipo elimu ya jenetiki ya makundi inapoingia, yaani elimu inayochunguza jinsi jeni, maelekezo ya urithi yaliyomo katika vinasaba vya kila kiumbe, zinavyogawanyika na kubadilika ndani ya kundi zima badala ya mnyama mmoja mmoja. Swali lake la kwanza si wanyama ni wangapi, bali ni wangapi wanaochangia kizazi kijacho. Kwa lechwe tofauti ya maswali hayo mawili ni kubwa, kwa kuwa madume wachache wenye nguvu ndio hupanda majike wengi na wengine hukaa pembeni. Kanuni iliyoachwa na Mmarekani Sewall Wright inaeleza hivi: zidisha idadi ya madume wanaozaa kwa idadi ya majike wanaozaa, zidisha tena kwa nne, kisha gawanya kwa jumla yao. Kundi la lechwe wakomavu 50, lenye madume watano wanaozaa na majike 45, linatoa 900 kugawanywa kwa 50, ambayo ni 18. Kwa jicho ni lechwe hamsini. Kwa urithi ni kumi na wanane.

Idadi hiyo ya urithi ndiyo inayoamua kasi ya hasara. Katika kundi dogo bahati nasibu peke yake huondoa jeni, hata zile njema: mtu akichota kiganja kimoja tu kutoka meka ya mahindi yaliyochanganyika meupe na ya njano, kisha akapanda kiganja hicho na mwaka unaofuata akachota kingine, baada ya mavuno machache rangi moja huenda ikatoweka bila mtu yeyote kuikataa. Kwa kundi lenye idadi ya urithi 18, kila kizazi hupoteza takriban asilimia 2.8 ya utofauti wa jeni, na baada ya vizazi kumi karibu robo yake imekwenda. Kwa kundi la 500 hasara ya muda huo huo ni kama asilimia moja. Pamoja na hilo ndugu huanza kuzaa na ndugu, na kasoro ambazo kwa kawaida hujificha kwa sababu jeni njema ya mzazi mmoja huifunika ya mwenzake, hujitokeza kwa ndama dhaifu na madume wasio na mbegu za kutosha.

Mtu anaweza kuuliza kwa haki: basi kwa nini lechwe wasiletwe kutoka Zambia, ambako kwenye mabwawa ya Bangweulu wako makumi ya maelfu ya lechwe weusi, na mpaka si mbali? Huko Florida, Marekani, dawa ya namna hiyo ilifanya kazi. Puma wa huko walikuwa wamebaki kati ya ishirini na thelathini hivi, wengi wakiwa na mikia iliyopinda na madume wakiwa na kasoro za kende, hadi mwaka 1995 majike wanane walipoletwa kutoka Texas. Watoto wao walikuwa na afya zaidi na idadi ikapanda. Lakini puma wa Texas na wa Florida walikuwa wakichanganyika wenyewe hadi walipotenganishwa na watu katika nyakati za karibuni. Lechwe wa Upemba wametengwa na historia ya mito yenyewe: wanajiolojia wanaeleza kwamba Chambeshi, ambao leo unamimina maji yake Bangweulu na kuendelea kwa Luapula, zamani ulitiririka kuelekea Kafue, na mabadiliko kama hayo ya mikondo ndiyo yaliyogawa wanyama wa mabwawa katika mabonde mbalimbali, kila kundi likienda njia yake.

Afrika Kusini ina onyo la wazi. Bonteboki, swala wa Rasi, walibaki wanyama 17 tu waliowekewa hifadhi mwaka 1931, na leo wako maelfu; lakini katika mashamba ya binafsi walizaa na blesboki, ndugu yao wa nyanda za juu, na sasa wenye mashamba hulazimika kupima vinasaba ili kumtambua aliye safi. Kuokoa idadi na kupoteza mnyama kunawezekana kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ugomvi kuhusu spishi na nususpishi una uzito: ikiwa lechwe wa Upemba ni tawi la mbali, kuwachanganya na weusi kutoka Zambia ni kuwafuta kwa nia njema.

Isidhaniwe kwamba kila mnyama anayetishiwa anakabiliwa na tatizo la aina hii. Kisiwani Mafia, pwani ya Tanzania, wavuvi huwajua papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambao nao wako hatarini. Lakini uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba papa potwe wa Bahari ya Hindi na wa Pasifiki ni jamii moja inayochanganyika, huku wale wa Atlantiki wakiwa peke yao. Bahari haina ukuta, na papa akipungua Mafia jeni zake zinaweza kuwako maelfu ya kilomita mbali. Bonde la Kamalondo halina akiba ya namna hiyo popote.

Hata hivyo jenetiki ikitumiwa vibaya hukatisha tamaa bila sababu. Katika Ghuba ya California, Meksiko, vaquita, mnyama wa jamii ya pomboo, amebaki kumi hivi au pungufu, na watafiti waliosoma vinasaba vyake mwaka 2022 waligundua kwamba kwa kuwa kundi lake limekuwa dogo kwa maelfu ya miaka, jeni nyingi zenye madhara zilikwisha kuondolewa, hivyo linaweza kuamka iwapo tu vifo ndani ya nyavu vitakoma. Lechwe wa Upemba, waliokuwa maelfu mengi hadi miaka hamsini iliyopita, hawana faida hiyo hiyo moja kwa moja, lakini mafundisho ya msingi yanabaki: kasoro ya urithi huua kwa vizazi, waya na risasi huua usiku mmoja. Lililo mbele leo ni walinzi wa hifadhi, wanaofanya kazi chini ya ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa mazingira, na washirika wake, kulipwa na kufika kwenye mabwawa kwa mitumbwi, na makubaliano na wavuvi juu ya mahali na majira ambapo nyasi za ukingoni zitaachwa.

Maabara ina kazi yake sambamba na hiyo, na kwa bahati njema haihitaji kumkamata mnyama. Kinyesi kilichokusanywa kikiwa kibichi kina seli za utumbo zinazotosha kutambua lechwe mmoja mmoja, kujua dume ama jike, na kukadiria undugu wao. Na zile ngozi na mafuvu ya mwaka 1947 na 1948 yaliyoko Brussels yanaweza kutoa vinasaba vya kundi lilivyokuwa kabla ya kuanguka, kwa kuchimba unga kidogo kutoka katika mfupa au jino. Tofauti kati ya vinasaba vya zamani na vya kinyesi cha leo ingetoa kipimo cha hasara iliyokwisha kutokea. Kama ni ndogo, kazi yote inabaki kuwa ya ulinzi. Kama ni kubwa, wenye mamlaka watalazimika kuamua mapema, wakiwa bado na wanyama wa kutosha, iwapo baadhi ya waliobaki wahamishiwe eneo lenye uzio ndani ya hifadhi, na ni majike gani wapandwe na madume gani.