Joto Linalotupwa: Jinsi Hita Inavyotiwa katika Lori Kuukuu la Jeshi

Katika nchi za kaskazini ya dunia, ambako majira ya baridi huweza kuishusha halijoto hadi nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, dereva wa gari lisilo na hita hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni ya viungo vyake: vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kuushika usukani barabara, wala mguu hauwezi kukanyaga breki kwa wakati. Ya pili ni ya macho: mvuke uliomo katika pumzi yake hugusa kioo cha mbele kilicho baridi, ukawa matone ya maji na hatimaye utando wa barafu, hata njia isionekane. Kwa sababu hiyo hita ya gari huhesabiwa kuwa chombo cha usalama.

Makala haya yanaeleza jinsi hita inavyoweza kuongezwa katika lori ambalo halikuwa nayo. Mfano tuliouchagua ni lori la jeshi la Marekani liitwalo M35. Katika lori hili kila bomba na kila waya huonekana wazi, na masomo ya joto na umeme ya shule za sekondari hukutana mahali pamoja.

Lori lenyewe

M35 lilianza kutumika katika miaka ya 1950. Lina ekseli tatu, na magurudumu yake yote huweza kuvutwa na injini. Liliundwa ili liweze kubeba tani mbili na nusu mahali pasipo na barabara. Magari ya aina ya M35A2 yalitiwa injini ya LDT-465, inayoweza kutumia dizeli, mafuta ya taa na hata petroli. Jeshi lilipoyaondoa katika utumishi, mengi yaliuzwa kwa raia, na hadi leo wapo watu wa Marekani na Kanada wanaoyatunza na kuyaendesha.

Kabini, yaani chumba cha dereva, kwa kawaida ina paa la turubai, milango ya bati tupu, na mianya mingi pembezoni. Si kila lori lilitoka kiwandani likiwa na hita, kwa kuwa vifaa vya kukabili baridi kali vilikuwa seti ya peke yake, iliyofungwa katika malori yaliyopelekwa sehemu za baridi. Mwenye lori lisilo na seti hiyo hulazimika kuitafuta au kujitengenezea mfumo wake.

Joto linatoka wapi?

Injini ni chombo cha kugeuza joto kuwa kazi, na ugeuzaji huo haukamiliki kamwe. Kwa makadirio, theluthi moja ya nishati ya mafuta huwa kazi ya kulisukuma gari, theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi, na theluthi iliyosalia huchukuliwa na maji yanayoizunguka injini au hupotea kupitia mwili wake.

Tuchukue mfano wa lori linalopanda mlima na kuchoma lita 20 za dizeli kwa saa. Lita moja ya dizeli ina nishati ya jouli milioni 36 hivi. Kwa hiyo lita 20 hutoa jouli milioni 720 kwa saa, yaani kilowati 200. Tukikadiria kwamba robo tu ya nishati hiyo inaingia katika maji, tunapata kilowati 50, ambazo rejeta huzitupa angani. Joto tunalolihitaji, basi, limekwisha kulipiwa pamoja na mafuta; kazi iliyobaki ni kuligeuza njia sehemu yake ndogo ili ipite kwa dereva.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini tusitumie joto la moshi, ambao ni wa moto kuliko maji? Jambo hilo lilifanywa katika magari mengi ya zamani, ambamo hewa ilipitishwa juu ya bomba la moshi na kuingizwa ndani. Hatari yake ni kwamba bomba likitoboka kwa kutu, moshi huingia pamoja na hewa hiyo. Ndani ya moshi mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivi kwamba dereva husinzia na kufa bila kujua kilichompata. Hita ya maji ikivuja, yatakayomwagika ni maji ya moto, nayo huonekana na hunuka. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua njia ya maji.

Joto kiasi gani linahitajika?

Tuseme nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri, nasi twataka ndani pawe na nyuzi 15 juu ya sifuri. Tofauti ni nyuzi 30. Joto hupotea kwa njia mbili.

Kwanza, hupenya katika bati, kioo na turubai. Kila mita moja ya mraba hupoteza karibu wati 6 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Kabini yenye eneo la mita 10 za mraba itapoteza 10 × 6 × 30, yaani wati 1,800.

Pili, hewa baridi huingia kupitia mianya na kuifukuza iliyo moto. Tukadirie mita 200 za ujazo kwa saa. Hewa hiyo ina uzito wa kilo 280 hivi, na kila kilo huhitaji jouli 1,000 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi moja. Hesabu yake ni 280 × 1,000 × 30, yaani jouli milioni 8.4 kwa saa, ambazo ni sawa na wati 2,300.

Jumla ni wati 4,100. Mwanafunzi aangalie vema: zaidi ya nusu ya joto lote hupotea kwenye mianya. Fundi mwenye busara huanza kwa kuziba matundu ya pedali na kingo za milango kwa mpira, ndipo anunue hita. Hata hivyo hewa safi kidogo lazima iachiwe njia, ili watu wapumue na vioo visijae mvuke.

Njia ya maji

Hita yenyewe ni rejeta ndogo iliyowekwa ndani ya sanduku pamoja na feni. Maji ya moto hupita katika mirija yake, na feni husukuma hewa katikati ya mapezi yake. Sehemu ya hewa huelekezwa miguuni, na sehemu nyingine hupelekwa kwa mabomba hadi chini ya kioo cha mbele.

Kila kilo ya maji inayopoa kwa nyuzi moja hutoa jouli 4,200. Ikiwa maji yanapoa kwa nyuzi 8 ndani ya hita, basi wati 4,100 zitapatikana kwa mtiririko wa karibu lita 7 kwa dakika. Mipira ya kipenyo cha sentimita moja na nusu hivi yatosha kabisa kuupitisha.

Hapa ndipo penye kosa linalotokea mara nyingi. Maji hayatembei kwa sababu tu mpira umeunganishwa. Hutembea kutoka penye kanieneo kubwa kwenda penye kanieneo ndogo. Mpira wa kuingia sharti uchukue maji upande wa injini, kabla ya thamostati, ambako pampu inayasukuma. Mpira wa kurudi sharti uishie upande ambao pampu inavuta. Mipira yote miwili ikitiwa mahali penye kanieneo sawa, maji hutulia na hita hubaki baridi, hata injini iwe ya moto namna gani. Hewa iliyonaswa katika sehemu ya juu ya mipira huweza pia kuuzuia mtiririko. Kwa hiyo huachiwa itoke wakati wa kujaza maji.

Mipira inapopita katika ukuta wa bati unaotenga injini na kabini, kila tundu huwekewa pete ya mpira, kwa kuwa ukingo wa bati hukata kama kisu kwa mtikisiko wa safari. Koki huwekwa kwenye mpira wa kuingia, ili hita iweze kufungwa wakati wa kiangazi au ikivuja.

Katika baridi ya namna hii maji matupu hayafai. Maji yanapoganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na ongezeko hilo huweza kupasua rejeta na hata injini. Huchanganywa nusu kwa nusu na ethilini glikoli, na mchanganyiko huo hauanzi kuganda mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Dawa hii ni tamu lakini ni sumu kali, na haifai kuachwa penye watoto au wanyama.

Kazi ya thamostati

Thamostati ni mlango mdogo unaofunguka wenyewe maji yanapofikia joto lililowekwa, kwa kawaida karibu nyuzi 80, ili yapite kwenda kwenye rejeta. Katika nchi zetu za joto baadhi ya mafundi huiondoa kwa kudhani kwamba wanaisaidia injini. Matokeo yake ni kwamba injini hukawia kupata joto lake, mafuta hutumika zaidi, na vyuma huchakaa upesi. Katika lori letu la mfano, kuiondoa thamostati ni sawa na kuiondoa hita.

Hata thamostati ikiwa nzima, injini ya dizeli isiyovuta mzigo huchoma mafuta machache. Kwa lita 2 kwa saa nishati yote ni kilowati 20, na robo yake ni kilowati 5 tu, ambazo baadhi yake hupeperushwa na upepo. Ndiyo maana madereva wa sehemu za baridi hufunika sehemu ya rejeta kwa turubai, huku wakiiangalia geji ya joto.

Umeme wa volti 24

M35 lina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, zikitoa volti 24. Hita nyingi za magari ya kiraia zina feni za volti 12. Tuseme feni hutumia ampia 5 kwa volti 12: ukinzani wake ni omu 2.4 na nguvu yake ni wati 60. Tukichukulia kwamba ukinzani haubadiliki, kwa volti 24 itapitisha ampia 10 na kutumia wati 240, yaani mara nne, nayo itaungua. Dawa ni kununua mota ya volti 24, au kuunganisha mfululizo na feni kizuizi cha omu 2.4 chenye uwezo wa kustahimili wati 60.

Kuchukua volti 12 kutoka betri moja tu si suluhisho jema. Betri hiyo hutoa umeme zaidi ya mwenzake, ilhali mkondo wa kuzichaji ni mmoja. Moja hubaki na njaa na nyingine hushiba kupita kiasi, zote zikafupishiwa maisha. Kadhalika fyuzi haikosi kuwekwa karibu na mahali waya unapoanzia.

Jaribio la darasani

Chukua mita tatu za mrija mwembamba wa shaba, uzikunje ziwe mzingo, uziweke ndani ya boksi la karatasi pamoja na kipimajoto. Weka ndoo ya maji ya nyuzi 60 juu ya meza, uyapitishe maji katika mzingo kwa mpira hadi ndoo ya chini. Ubane mpira hata lita moja ichukue kama dakika 10 kupita.

1. Pima halijoto ya maji yanapoingia na yanapotoka. Yakipoa kwa nyuzi 4, onyesha kwamba mzingo umetoa wati 28.

2. Upepee mzingo kwa daftari. Je, maji yanayotoka yamepoa zaidi? Eleza kwa nini.

3. Subiri hewa ya ndani itulie, kisha toboa matundu ubavuni mwa boksi. Linganisha halijoto ya ndani kabla na baada ya kutoboa.

4. Inua ndoo ya chini hata uso wa maji yake uwe sawa na ule wa ndoo ya juu. Eleza kinachotokea, ukitaja mahali ambapo mipira ya hita hufungwa.