Kicheko na Kifo Shuleni: Namna ya Kuzisoma Komedia Nyeusi

Wengi wetu tumezoea kuihakiki kazi ya sanaa kwa kuuliza: inafunza nini? Swali si baya, lakini ukiliuliza peke yake mbele ya komedia nyeusi ya shule ya sekondari, utapotea njia. Makala hii inajaribu kueleza kwa nini fani lazima isomwe pamoja na maudhui.

Tuchukue Heathers, filamu iliyotoka Marekani mwaka 1989, ikaongozwa na Michael Lehmann na kuandikwa na Daniel Waters. Veronica anafuatana na wasichana watatu, wote wakiitwa Heather, wanaotawala shule kwa dharau. Yeye na mpenzi wake J.D. wanasababisha vifo, kisha barua bandia zinafanya ionekane marehemu walijiua. Anayesaka maudhui tu atasema: jamani, hawa wanacheka msiba!

Hebu tuangalie rangi. Heather Chandler, kiongozi, huvaa nyekundu na kufunga nywele kwa kibanio chekundu. Akifa, kibanio anakitwaa Heather Duke, aliyezoea kijani, naye anaanza kuvaa nyekundu. Mwishoni Veronica anamvua. Hakuna aliyehutubia juu ya madaraka; kitambaa kidogo tu kimetuonyesha kwamba mtawala hufa lakini kiti hakikai wazi.

Tuangalie pia nani anachekwa. Chandler aliyeogopwa anageuka mtakatifu kwa sababu ya barua ya uongo. Mwalimu Fleming anawakusanya wanafunzi waonyeshe huzuni yao, na kamera za televisheni zipo. Basi, kinachochekwa si kifo, ni watu wazima wanaokigeuza tamasha bila kuwasikiliza vijana.

Election ya Alexander Payne (1999) ina mbinu nyingine: wasimulizi wanne wanaopingana. Mwalimu McAllister, anayezungumzia maadili darasani, anatupa kura mbili ili Tracy ashindwe. Anapomsimulia Tracy, picha inagandishwa msichana akiwa amekunja uso vibaya. Je, huo ni uso wa Tracy, au ni chuki ya mwalimu?

Si kwamba kila kicheko cha aina hii ni halali. Katika Heathers, Martha anayeonewa huzungumza kwa nadra sana, na hapo filamu inastahili kulaumiwa. Lakini hata lawama hiyo huipati kwa kuuliza funzo; unaipata kwa kutazama nani kapewa sauti na nani kanyimwa.