Kinanda cha Umeme Kati ya Matarumbeta

Wengi wenu mlikuwapo uwanjani siku ya wazazi mwezi wa Oktoba uliopita, nanyi mlisikia yaliyotupata sisi watu wa bendi. Kwa wale ambao hawakuwapo nitaeleza kwa ufupi. Bendi yetu ina matarumbeta manne, buruji mbili, ngoma ndogo tano na ngoma kubwa moja. Hatuna tarumbeta la besi. Basi siku ile tuliazima kinanda cha umeme na kipaza sauti kikubwa, ili tupate sauti nene ya chini, na mwanzoni mvumo kama wa mvua inayokuja. Mvumo ulitoka vizuri hata watoto wakatazama mbinguni. Lakini tulipoanza wimbo wa gwaride, kinanda na matarumbeta vikawa kama watu wawili wasioelewana, na waliokuwa wakitembea wakapoteza hatua. Wageni wakacheka. Mimi niliyekuwa kwenye kinanda nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu siku ile maneno yamekuwa mengi. Wako wanaosema kwamba kosa ni la matarumbeta yetu yaliyochakaa, afadhali fedha ya bendi inunue kinanda chetu wenyewe, na matarumbeta yawekwe stoo. Wako wanaosema kwamba kinanda si chombo cha bendi, kisionekane tena. Mwalimu wetu wa fizikia hakuwa upande wowote. Alitupa kipimajoto na kamba ya kupimia, akatuambia tukatafute kosa wenyewe. Katika makala hii nataka kueleza tuliyoyaona, maana mkutano wa wazazi unakaribia na uamuzi utakuwa wao.

Kwanza yafaa tujue kwamba kuingiza kitu kigeni katika muziki wa tarumbeta si jambo jipya. Ngoma ya beni, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza la bendi, ilianza pwani ya Kenya, huko Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Vijana waliona bendi za askari na mabaharia wa Kizungu, wakachukua tarumbeta, ngoma na gwaride, wakavitia katika mashindano yao wenyewe. Katika Tanganyika vyama vilivyojulikana sana vilikuwa Marini na Arinoti. Vita ya 1914 hadi 1918 ikaieneza beni mbali bara, kwa kuwa askari na wapagazi walirudi nayo makwao. Na watu wa pande za Ziwa Nyasa, ambao hawakuwa na fedha ya kununua shaba, hawakukata tamaa. Walichukua vibuyu vikavu, wakatoboa tundu na kuliziba kwa utando mwembamba, wakaimba ndani yake hata sauti ikatoka kama ya tarumbeta. Hata leo katika ngoma ya mganda na malipenga vibuyu hivyo vyasikika. Ukikifikiri sana, kibuyu kile kilikuwa kinanda cha umeme cha siku zile: chombo cha kujazia pengo la chombo kisichokuwapo.

Wazazi wetu nao wanaijua mifano ya karibu zaidi. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo baadaye ilijulikana kama Msondo Ngoma, ilipiga magita ya umeme pamoja na matarumbeta kwa miaka mingi. Ukisikiliza muziki wa namna ile utaona kwamba vyombo havisemi vyote kwa wakati mmoja. Gita husema, tarumbeta hujibu. Neno hilo la kupokezana tutalirudia.

Wanaolijua sana jambo hili leo ni vijana wa Marekani. Huko kuna vikundi vikubwa vya ngoma na tarumbeta, ambavyo hupiga huku vikitembea na kuunda maumbo katika uwanja wa mpira. Asili yao ni kama ya beni yetu, yaani buruji na ngoma za askari, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1971 uliundwa ushirika uitwao Drum Corps International, na mwaka 1972 ukafanya mashindano yake makubwa ya kwanza. Kwa muda mrefu sheria zao zilikataza umeme kabisa. Mwaka 2004 waliruhusu vipaza sauti, hasa kwa vyombo vya kugonga vinavyowekwa mbele ya uwanja, na mwaka 2009 wakaruhusu vinanda vya umeme na sauti zilizotengenezwa kwa mitambo. Tangu hapo husikika radi, upepo, maneno ya watu, na hasa ule mngurumo wa chini unaowekwa chini ya matarumbeta ya besi. Mabishano hayakuisha. Wapo wapenzi wa muziki huo wasemao kwamba mngurumo huficha kazi ya wapigaji. Wengine wasema kwamba huipa kazi hiyo nafasi ya kung'aa. Mabishano yale yale yako hapa Mpanda.

Sasa nije kwenye kosa letu. Tuliona kwamba makosa yalikuwa matatu.

La kwanza ni joto. Sauti ya tarumbeta ni hewa inayotetemeka ndani ya bomba, na mwendo wa sauti katika hewa hubadilika kwa joto. Hesabu yake ya makadirio ni nyepesi: chukua mita 331 kwa sekunde, ongeza 0.6 kwa kila digrii moja ya joto. Asubuhi tulipolinganisha vyombo vyetu darasani kipimajoto kilionyesha digrii 20, basi sauti ilikwenda mita 343 kwa sekunde. Saa nane mchana uwanjani joto lilikuwa digrii 30, yaani mita 349. Bomba halikubadilika urefu wa kuonekana, lakini sauti inakwenda haraka zaidi ndani yake, kwa hiyo inapanda juu. Noti iliyokuwa na mitetemo 440 kwa sekunde ingefika karibu 448. Hiyo ni kama theluthi ya hatua kutoka kibao kimoja cha kinanda hadi kinachofuata. Kwa kweli pumzi ya mpigaji ina joto lake tangu mwanzo, hivyo tofauti hupungua, lakini sikio huitambua. Kinanda cha umeme hakijui jua wala kivuli. Kilibaki 440 kama asubuhi, na matarumbeta yakakiacha.

Dawa yake ni mbili. Kila tarumbeta lina kipande cha bomba kinachovutwa nje, na bomba likirefuka sauti hushuka. Kinanda nacho kina mahali pa kupandisha au kushusha sauti yake yote kidogo kidogo. Sisi tulikuwa tumelinganisha mara moja tu, tena ndani ya nyumba. Yatupasa kulinganisha uwanjani, baada ya wapigaji kupuliza dakika kumi, na kinanda ndicho kifuate matarumbeta.

La pili ni umbali. Tulipima kwa kamba tukaona kwamba kutoka kinanda, kilichokuwa karibu na hema la wageni, hadi ngoma kubwa ilikuwa mita 70. Sauti ilihitaji sehemu 0.2 ya sekunde kufika kwangu. Nikapiga nikifuata ngoma niliyoisikia, na sauti yangu ikatoka katika kipaza sauti kilichoelekezwa uwanjani, ikatumia 0.2 nyingine kurudi kwa wenzangu. Jumla ni 0.4. Gwaride letu lina hatua 120 kwa dakika, maana yake kila hatua ni nusu sekunde. Basi waliokuwa karibu na ngoma walisikia ngoma kwa mguu wa kushoto, na kinanda kikafika wakati mguu wa kulia unakaribia chini. Nani angeweza kutembea hivyo?

Wamarekani nao huweka kinanda mbele ya uwanja, lakini vipaza sauti vyao huelekea watazamaji. Wapigaji wa mbele husikiliza ngoma iliyo nyuma yao na kuifuata. Ngoma inapowapita wanapiga, na sauti zote mbili husafiri pamoja hadi kwa watazamaji. Walio nyuma hawafuati cha mbele hata kikipendeza namna gani. Wakati ule sisi tulifanya kinyume chake.

La tatu ni choyo ya sauti. Bomba la tarumbeta la kawaida likinyooshwa lina urefu wa mita moja na nusu hivi, bali la tarumbeta kubwa la besi hupita mita tano. Sauti nene yataka chombo kikubwa, na kipaza sauti vilevile. Nilipokosa unene niliongeza nguvu, kipaza sauti kikakoroma, na matarumbeta manne yakazama humo kama mawe. Nilisahau kupokezana. Mngurumo wa chini ukiwa mdogo, sikio huhisi tu kwamba matarumbeta yamekuwa mengi. Ukizidi, matarumbeta hayapo tena.

Wiki tatu zilizopita tulijaribu upya mbele ya wanafunzi, saa nane ile ile. Tulilinganisha juani, tukageuza kipaza sauti kielekee wasikilizaji, nami nikapiga sauti za chini tu, nikinyamaza kila buruji zilipoita. Hakuna aliyepoteza hatua. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Kwanza aliniuliza tumelipata wapi tarumbeta la besi. Sijapata sifa iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Basi ninawaomba wazazi na walimu mfikiri hivi. Matarumbeta yetu hayakuwa na kosa siku ile. Kosa lilikuwa la kutojua. Fedha ya bendi itengeneze kwanza vibonyezo vilivyokwama na mabomba yaliyobonyea, na kama itabaki, kinanda kidogo kinunuliwe kiwe mtumishi wa matarumbeta. Tukiyaweka matarumbeta stoo, kidole kimoja kitafanya kazi ya vifua vinne, na wanafunzi wanne watakaa pembeni kutazama. Tena bendi hupita barabarani kuongoza watu, na waya wa umeme haufiki huko. Umeme ukikatika, kinanda hunyamaza. Mwenye tarumbeta huvuta pumzi akaendelea.